Bastola Moja, Watu Wawili

Simu iliingia saa nne na nusu usiku, siku ya Jumatano. Nikajua kuna jambo, maana yule bwana si mtu wa kupiga saa hizo. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanagombania rimoti ya televisheni.

"Kaka, samahani kwa kukusumbua. Leo nimepita duka la silaha, nimeona Glock 30, ile ya arobaini na tano. Nimeacha dola mia moja wanishikie mpaka Jumamosi. Niichukue au niiache?"

Nikamuuliza ile Glock 19 aliyonayo imepatwa na nini.

"Haijapatwa na kitu. Ila ni tisa tu, kaka."

Nimekuwa nikifundisha watu kutumia bastola hapa kaskazini mwa Texas kwa miaka kadhaa sasa, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa kwetu: wauguzi, madereva wa malori, wenye maduka. Hiyo "tisa tu" naisikia kila mwezi: ni risasi yenye upana wa milimita tisa, nyembamba kuliko arobaini na tano, yaani .45 ya inchi. Anayeisema kwa kawaida ametishwa na jambo fulani siku za karibuni, na anatafuta kitu cha kununua ili hofu imtoke. Kisa cha huyu bwana nakieleza kirefu kwa sababu kilinifundisha na mimi. Yeye na mkewe wameniruhusu, kwa sharti kwamba nisitaje majina.

Wana kituo kidogo cha mafuta chenye duka huko Garland, upande wa kaskazini mashariki mwa Dallas. Mume ni wa Moshi, mke ni wa Tanga, wote wako kwenye miaka ya arobaini, wote wana kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Watoto ni wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa 7. Duka linafungwa saa tano usiku, na anayefunga ndiye anayehesabu mauzo. Wiki mbili kabla ya simu ile, duka la ng'ambo ya barabara lilivamiwa, na kijana wa kaunta alipigwa kitako cha bunduki mpaka akalazwa hospitali. Asubuhi yake mteja mmoja akamwambia rafiki yangu kwamba milimita tisa ni ya kuchezea, mtu mzito akipigwa nayo anaendelea kukujia. Muuza silaha akamalizia kwamba arobaini na tano ikishapiga mara moja, hakuna haja ya mara ya pili.

Maneno hayo yana historia ndefu, na haifai kuyapuuza. Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani lilikuwa linapigana Ufilipino, na askari walilalamika kwamba bastola zao za kaliba (upana wa risasi) .38 haziwasimamishi wapiganaji wa Kimoro, Waislamu wa kusini mwa nchi ile, waliokuwa wakiwajia na mapanga. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, wakafanya majaribio kwa ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, na kwa maiti za watu, wakapendekeza kaliba isipungue .45. John Browning akabuni risasi hiyo, bastola yake ikapokelewa na jeshi mwaka 1911, na ikakaa viunoni mwa askari wa Marekani mpaka 1985. Vizazi vitatu vya wanaume vilirudi nyumbani vikiisifu. Kwa hiyo muuzaji wa Garland hakutunga. Alirithi.

Kisha likaja tukio la Miami. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wanane wa FBI waliwabana majambazi wawili wa benki, Platt na Matix. Ofisa Jerry Dove alimpiga Platt risasi ya milimita tisa iliyopita kwenye mkono wa kulia, ikaingia kifuani, ikaharibu pafu, ikasimama kama sentimita mbili na nusu kabla ya moyo. Jeraha lile lilikuwa la kumuua, lakini halikumuua papo hapo. Platt aliendelea kupiga kwa bunduki yake, na kabla ya yote kwisha Dove na mwenzake Ben Grogan walikuwa wamekufa na wengine watano wamejeruhiwa. Lawama ikaiangukia risasi ya tisa. FBI wakahamia milimita kumi, wakaikuta nzito kwa maofisa wengi, wakaipunguza nguvu. Mwaka 1990 Smith & Wesson na Winchester wakatoa .40, ambayo kwa kweli ni ile kumi iliyofupishwa ganda, na polisi karibu nchi nzima wakaikumbatia.

Nilimsimulia hayo tukiwa kwenye gari siku ya Ijumaa, tukielekea uwanja wa shabaha. Akachangamka. "Si unaona? Hata FBI wameikataa."

Waliikataa, halafu wakairudia. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI ilitoa waraka wa kueleza kwa nini wanarudi kwenye milimita tisa, na mwaka 2016 wakaingia mkataba na Glock wa bastola za kaliba hiyo. Sababu yao kubwa ilikuwa kwamba risasi zenyewe zimebadilika. Baada ya Miami waliweka kipimo: risasi ipigwe kwenye jelatini iliyotengenezwa kufanana na nyama ya mwili, ipite nguo, mbao, bati na kioo cha gari, na izame kati ya sentimita 30 na 46. Ile ya Dove isingefaulu. Watengenezaji wakakaa miaka zaidi ya ishirini wakiboresha risasi za ncha ya tundu, zile zinazofunguka kama ua zikigonga, mpaka tisa, arobaini na arobaini na tano zote zikawa zinafaulu kipimo kile kile. Tofauti iliyobaki ni upana wa tundu. Tisa nzuri hufunguka kufikia kama milimita 15, arobaini na tano hufika 18 au zaidi kidogo. Milimita hizo tatu zina maana pale tu risasi inapopita pembeni kabisa mwa mshipa au kiungo kinachoua.

Na waraka ule ulisema jambo jingine, ambalo ningependa kila mwenye duka alisikie: polisi, watu waliofunzwa na wanaolipwa kwa kazi hiyo, hukosa kati ya asilimia 70 na 80 ya risasi wanazopiga kwenye mapambano halisi. Kipimo cha FBI kwa maofisa wao wenyewe kilionyesha kwamba wengi hupiga upesi zaidi na kulenga vizuri zaidi wakiwa na tisa. Pale Miami, aliyemaliza kazi ni Edmundo Mireles, mkono mmoja ukiwa umevunjwa na risasi, akiwasogelea na bastola ya gurudumu iliyojazwa risasi za .38, zenye nguvu zaidi lakini za upana ule ule uliolaumiwa Ufilipino. Alikaribia na akalenga. Basi.

Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana kuliko yote aliyouliza wiki ile: "Sawa, lakini kubwa si bado ni kubwa? Nikiweza kuimudu, napoteza nini?"

Hapo ndipo udogo wa bastola unapoingia. Katika bastola kamili yenye mtutu mrefu, arobaini na tano ni risasi tulivu na ya kupendeza. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 15 na kinatoka kwa mwendo wa kama mita 255 kwa sekunde. Kile cha tisa kina gramu 8 na kinakwenda kama mita 350. Ukipiga hesabu ya nishati utashangaa, kwa maana zote mbili zinaangukia karibu na juli 490. Kinachozidi kwa arobaini na tano ni msukumo, uzito mara mwendo, na msukumo huo ndio mkono wako unaoupokea kama teke. Sasa ufupishe mtutu kufika sentimita tisa na nusu, kama wa Glock 30. Risasi nzito ya mwendo wa polepole inapoteza sehemu ya mwendo iliokuwa nao mchache tangu mwanzo, na baadhi ya risasi za ncha ya tundu, zilizosanifiwa kwa mtutu wa sentimita kumi na mbili, hazifunguki tena ipasavyo. Ukiona risasi imeandikwa ni ya mitutu mifupi, hiyo ndiyo sababu. Nafasi ya magazini, kile kikasha cha risasi ndani ya mshiko, nayo inaliwa: Glock 30 inabeba risasi 10, Glock 19 inabeba 15, na bastola hizo mbili ukizilaza mezani ukubwa wake karibu ni sawa. Ya arobaini na tano ndiyo nene zaidi. Kaliba kubwa kwenye bastola ndogo unailipia kwa mtutu, kwa idadi, kwa unene wa mshiko na kwa mkono wako, vyote kwa mpigo, ili upate zile milimita tatu.

Haki yake nayo niitaje, maana sipendi kumwonea mtu wala bastola. Arobaini na tano inakwenda chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo haina ule mlio mkali wa ziada unaopasua masikio ndani ya chumba kidogo. Na teke lake wengi hulipenda kuliko la .40, kwa kuwa linasukuma, halikwapui. Nina mwanafunzi mmoja mwenye viganja kama makasia, anaishi peke yake, anapiga risasi 200 kila mwezi bila kukosa, na anabeba Glock 30. Sijawahi kumwambia abadilishe.

Uwanjani tulikodi Glock 30 tukaiweka karibu na yake. Zoezi nililompa ni rahisi: sahani ya karatasi ya sentimita 20, umbali wa yadi 7, risasi tano kwa kipenga cha saa, mara tatu. Kwa Glock 19 alikuwa anamaliza kwenye sekunde tatu, na katika risasi 15 moja tu ilitoka nje ya sahani. Kwa arobaini na tano alichukua sekunde tatu na nusu hadi nne, na mbili zilitoka nje. Si vibaya. Kwa mtu aliyekuwa anaishika kwa mara ya kwanza, ni vizuri. Mikono yake ni mikubwa, alikua akipasua kuni, na teke halikumtia hofu.

Nilikuwa karibu kumwambia aichukue. Nasema hili wazi kwa sababu ndipo nilipokosea. Nilimpima mtu aliyenipigia simu, nikaona matokeo si mabaya, nikawaza kwamba nusu sekunde anaweza kuifidia kwa mazoezi. Tulikuwa tunakusanya maganda ndipo akasema, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Shemeji yako ataisikia nzito kidogo mwanzoni, lakini atazoea."

"Atazoea kwani anaitumia?"

"Si ndiye anayefunga Jumatano na Jumamosi. Bastola inakaa dukani, chini ya kaunta. Anayefunga ndiye anayekuwa nayo."

Jumatano. Aliponipigia simu usiku ule yeye alikuwa nyumbani na watoto, na mkewe alikuwa peke yake dukani akisubiri kufika saa tano. Nilikuwa nimewasikia watoto kwenye simu na sikujiuliza mama yao yuko wapi.

Nikamwomba waje wote asubuhi ya Jumamosi, kabla hajaenda kulipia.

Shemeji alifika na khanga yake mabegani kwa ajili ya kiyoyozi cha pale, akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akavaa vizibo vya masikio. Ni mwanamke mfupi, viganja vyake ni vidogo. Kumbe alikuwa ameshika ile Glock 19 mara tatu tu tangu inunuliwe, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi. Tukaanza nayo. Alikwenda polepole, sekunde tano au sita kwa kila duru, lakini risasi 12 kati ya 15 zilikuwa ndani ya sahani. Nikaona bega lake linashuka, pumzi inatulia.

Tukampa arobaini na tano. Kwanza slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie: aliivuta mara mbili ikamshinda, ya tatu nikamwonyesha asukume bastola mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishikilia, ikakubali. Kisha mshiko. Ni mnene, na ili kidole chake kifike kwenye kifyatulio ilimbidi auzungushe kiganjani, hata teke likawa linaangukia kwenye kifundo cha kidole gumba na si kwenye kiganja. Risasi ya pili ilimfanya afumbe macho. Ya nne ikakwama, ganda likabaki limesimama mlangoni, kwa sababu kifundo cha mkono kililegea na slaidi haikupata kitu imara cha kurudia. Ikakwama tena kwenye duru ya pili. Nilipoivuta sahani karibu ilikuwa na matundu sita.

Akaiweka mezani, mdomo ukiangalia ukutani kama nilivyomfundisha. Akamgeukia mumewe, si kwa hasira. "Baba Neema," (jina la mtoto nimelibadili) "hii ni ya kwako. Mimi Jumatano nitashika nini?"

Hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo.

Watu wazima hawaachi hoja upesi, naye akaja na nyingine, tena ya busara. Basi anunue hiyo arobaini na tano iwe yake ya kubeba, mkewe abaki na tisa. Texas haiweki kikomo cha idadi. Tulikaa kwenye benchi la nje karibu saa nzima juu ya hili, na kahawa yetu ikapoa.

Hesabu ya pesa ilikuwa hivi. Bastola ni kama dola 600. Ongeza ala yake, magazini za akiba, na risasi. Risasi za mazoezi za arobaini na tano huuzwa kwa mara moja na nusu ya bei ya tisa, na mara nyingine karibu mara mbili. Kwa fedha hizo hizo wote wawili wangeweza kupiga zaidi ya risasi 1,000 za tisa na bado wakabaki na ada ya darasa. Na mtu huyu, nikimtazama usoni, alikuwa amefika uwanjani mara mbili mwaka mzima uliopita. Silaha ya pili isingemwongezea siku ya mazoezi, ingegawa ile aliyonayo.

Halafu chini ya kaunta moja kungekuwa na bastola mbili zinazofanana umbo, zenye magazini zisizoingiliana. Mtu anayetafuta magazini ya akiba gizani huku mikono inatetemeka hasomi namba. Kama anataka kitu kidogo zaidi cha kubeba mwilini akiwa njiani, nikamwambia, iko Glock 26: ni fupi kuliko yake, ni tisa ile ile, na inapokea magazini za Glock 19. Akasema ataifikiria. Mpaka leo hajainunua, na sidhani anaihitaji.

Lakini lililonitia baridi mwilini kuliko kaliba yoyote ni lile neno "chini ya kaunta". Nikamuuliza imekaaje. Kwenye rafu, akasema, nyuma ya karatasi za risiti, imefunikwa kitambaa. Haina sanduku wala kufuli. Na watoto? Wanashuka kwenye basi la shule saa tisa na nusu na kukaa hapo hapo nyuma ya kaunta wakifanya kazi za shule mpaka jioni.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ameshajua ninachotaka kusema, na machozi yalikuwa karibu.

Texas inasifika kwa kulegeza sheria za silaha, na watu wetu wakishasikia kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 asiye na pingamizi la kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni, hudhani hakuna sheria iliyobaki. Iko. Mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha kizembe bila kuifungia, ni kosa la jinai, na mtoto akiifyatua na kujeruhi mtu vibaya au kuua, kosa linakuwa kubwa zaidi. Lakini sikuwaambia hivyo kwa sababu ya sheria. Mtoto wa miaka saba ana nguvu ya kutosha kwenye vidole viwili vya gumba kubonyeza kifyatulio cha Glock, kwa maana bastola hiyo haina kizuizi cha pembeni cha kuzima. Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, tulikwenda wote watatu tukanunua kisanduku cha chuma kinachofunguka kwa vitufe vinne, tukakifunga kwa bolti chini ya kaunta upande wa kulia. Shemeji akajaribu kukifungua akiwa amefumba macho, mara kumi, ishirini, mpaka ikawa sekunde mbili.

Kwa wenzetu walioko huku niongeze mambo machache ya karatasi, kwani nimeona watu wakiangamia. Mwenye kadi ya kijani ananunua silaha kama raia, kwa kujaza fomu namba 4473 na kusubiri ukaguzi wa rekodi. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji, na asikubali mtu amshauri "ijaribu tu". Usimnunulie mwingine ambaye mwenyewe hastahili, hata akiwa ndugu wa damu. Hilo ni kosa la serikali kuu. Na kwa sisi ambao si raia, kupatikana na hatia ya kosa la silaha peke yake kunatosha kufungua kesi ya kuondolewa nchini, hata kama faini ilikuwa ndogo. Rafiki yangu alikuwa ameniuliza pia, nusu kwa utani, kama anaweza kwenda nayo Moshi likizo ya Desemba. Bila kufuata taratibu za Marekani za kuitoa na bila kibali cha Tanzania cha kuiingiza, huo ni ushauri wa kumpeleka mtu jela za nchi mbili.

Leseni ya kubeba niliwashauri wote wawili waichukue ijapokuwa si lazima tena. Inatambuliwa kwenye majimbo mengi mengine, na inamwondolea mtu hatari ya sheria ya serikali kuu inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule. Njia yao ya kwenda dukani inapita mbele ya shule mbili.

Tulimaliza kwa jambo ambalo muuza silaha hakuligusa kabisa, nalo ni pesa yenyewe. Wavamizi wa ng'ambo ya barabara walikuja saa tano kasoro kwa sababu kila mtu mtaani anajua saa hiyo droo imejaa. Rafiki yangu naye alikuwa anahesabu mauzo juu ya kaunta, taa zote zimewaka, mlango wa kioo. Sasa wana sefu ya kudumbukiza, isiyofunguliwa na aliyeko zamu, na kibandiko mlangoni kinachosema hivyo. Fedha zinadumbukizwa kila mara droo ikizidi dola mia mbili. Kuhesabu hufanywa asubuhi. Na tulikubaliana, kwa maneno ya wazi mbele ya wote watatu, kwamba mtu akitaka kilichomo kwenye droo anapewa kilichomo kwenye droo. Bastola ni ya pale anapoonyesha kwamba anataka zaidi ya pesa. Mume alisita hapo. Ni mtu aliyefanya kazi zamu mbili miaka tisa kupata duka lile, na kumwambia atoe fedha zake kwa mkono wake kulimuuma. Mkewe ndiye aliyemjibu: "Dola mia mbili tutazitafuta."

Saa nane mchana alipiga simu duka la silaha. Amana hawakuirudisha taslimu, walimpa thamani yake kwa bidhaa, akachukua risasi za tisa za mazoezi.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Tangu hapo wanakuja uwanjani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa zamu, mmoja anapiga, mwingine anabaki na watoto. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya shemeji. Alipiga risasi 50 kwa yadi 7, 46 zikakaa ndani ya sahani, na muda wake umeshuka mpaka sekunde tatu na nusu, karibu sawa na ule wa mumewe siku alipokuwa anajaribu arobaini na tano. Aliikunja ile karatasi yenye matundu, akaitia kwenye mkoba. Alisema anakwenda kuibandika nyuma ya kaunta, upande wa ndani, pale anapoiona yeye tu akifunga Jumatano.